Kamati Zisipokutana, Baraza Hubaki Kugonga Meza

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya madiwani na watendaji wa kata na vijiji vya Kasulu na Kibondo)



Katika nchi ya Buha watu hawakuanza jana kukaa barazani. Kabla ya ukoloni, Mwami wa Heru au wa Muhambwe alikuwa na watware wake walioshika sehemu za nchi, na karibu zaidi na watu walikuwapo wateko, wazee wenye dhamana ya ardhi na matambiko yake. Aliyehitaji pahala pa kulima hakwenda kupiga hodi kwa Mwami. Alianza kwa mteko. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini maarifa haya ya kwamba kila shauri lina mlango wake yangali na thamani kubwa kwa kila mwenye kiti katika halmashauri ya leo.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, ile ya Serikali za Mitaa kwa Mamlaka za Wilaya, imeweka milango hiyo kwa utaratibu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mwanzo. Hapo kila mkazi mtu mzima ana sauti. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, hulichukua shauri na kulipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti. Kutoka kata shauri huenda wilayani, kwa wataalamu, kisha kwenye kamati za kudumu, na mwisho katika baraza la madiwani. Baraza hilo linapaswa kukutana kwa mkutano wa kawaida angalau mara moja kila miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, ingawa hana ruhusa ya kusema.

Wengi huona baraza tu. Huona majoho, huona mwenyekiti na mkurugenzi ambaye ndiye katibu wa kikao, husikia meza zikigongwa, wakadhani hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Mwenye kuelewa zaidi huuliza kamati ilisema nini. Kamati ni jiko. Baraza ni sebule. Chakula kisichopikwa jikoni hakiwezi kupakuliwa sebuleni hata wageni wakiwa wengi namna gani.

Kamati za kudumu za halmashauri ya wilaya ambazo sheria inazilazimisha ni tatu. Ya kwanza ni ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo mwenyekiti wake ni mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe, nayo hukutana kila mwezi. Ya pili ni ya Elimu, Afya na Maji. Ya tatu ni ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Hizi mbili za mwisho hukutana kila robo ya mwaka. Baadaye ziliongezwa kamati ya kudhibiti UKIMWI na ile ya maadili ya madiwani. Katika mji kama wa Kasulu, ambao una halmashauri yake mbali na ile ya wilaya, sheria inayotumika ni Namba 8 ya mwaka huo huo, na mipangomiji ina kamati yake.

Sasa na achukuliwe mfano wa boma la zahanati. Hakuna asiyelijua neno hili vijijini: ni kuta ambazo wananchi wamezisimamisha kwa mikono yao, kwa matofali waliyofyatua na kuchoma wenyewe, mawe waliyoyabeba kichwani, na michango waliyotoa baada ya kuuza maharage. Makubaliano ni kwamba nguvu ya wananchi ikifika kwenye lenta au mtambaa panya, halmashauri iezeke na kumaliza. Kijiji kimefanya sehemu yake. Mvua za vuli zinaanza, na udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kigoma hauna huruma na ukuta usio na paa.

Diwani wa kata hiyo anasimama barazani, anasema kwa uchungu, anashangiliwa. Jibu analopata ni la adabu na ni fupi: jambo hili halimo katika taarifa ya kamati. Na kweli halimo. Halimo kwa kuwa kamati ya kata haikuandika muhtasari, au uliandikwa ukabaki katika daftari la mtendaji. Ama kwa kuwa ulifika wilayani mwezi Mei, wakati mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 imekwisha kufungwa. Diwani anarudi kwa watu wake akiwa na kilio tu, na wanawake wajawazito wa kijiji hicho wanaendelea kubebwa kwa machela au pikipiki kwenda kujifungulia mbali. Hapana mtu aliyeiba. Hapana aliyekataa. Karatasi moja haikupita mlango wake kwa wakati.

Kwa sababu hii wale wanaodhani kanuni za vikao ni mambo ya makarani wanakosea sana. Akidi, ajenda, taarifa ya mkutano kwa siku zilizowekwa, muhtasari uliosomwa na kutiwa saini, kutangaza maslahi na kutoka nje pale diwani anapohusika na zabuni inayojadiliwa: haya yote yaliwekwa ili mnyonge asiye na jamaa wilayani apate haki sawa na mwenye jamaa. Pasipo kanuni, anayejua kuzungumza na wakubwa jioni ndiye anayepata bati.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba nchi hii imewahi kuishi bila mabaraza haya. Mwaka 1972 serikali ilipopeleka madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, na shughuli zake zikashikwa na maofisa wa serikali kuu. Ndio mwaka ambao Operesheni Kigoma ilianza kuwahamishia watu wa mkoa huu katika vijiji. Kwa hiyo kazi kubwa kabisa ya kupanga upya makazi ya Waha ilifanyika wakati ambapo hapakuwa na diwani wa kuuliza kisima kiko wapi, wala kamati ya kuhoji kwa nini kijiji kimewekwa mbali na mashamba. Mwaka 1984 halmashauri zilianza tena kazi, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Ni nadra kiongozi kusema hivyo angali madarakani.

Tangu hapo mipaka imebadilika. Mwaka 2012 Kasulu ilizaa wilaya ya Buhigwe, na Kibondo ikazaa Kakonko. Huduma zilisogea karibu na watu, na hilo ni jema. Lakini kila halmashauri mpya ilihitaji mwenyekiti, mkurugenzi, wakuu wa idara na kamati zake zote, na madiwani waliobaki upande huu na ule wakawa wachache kuliko kazi. Makamu mwenyekiti huchaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja, na si siri kwamba mahali pengi nguvu inayotumika kugombea nafasi za kamati huzidi ile inayotumika kusoma makabrasha yake.

Lililo gumu zaidi lakini ni jingine. Mwaka 2017 serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na barabara za wilaya zikatoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2019 ikaja RUWASA, wakala wa maji vijijini. Sababu zilizotolewa zina uzito: wahandisi walikuwa wachache na fedha zilitawanyika. Lakini Kamati ya Ujenzi na Kamati ya Maji zingali zikikaa, na diwani bado anaulizwa na wapiga kura kuhusu daraja lililochukuliwa na maji na bomba lisilotoa kitu. Mhandisi anayejua jibu si mtumishi wa mkurugenzi. Akija kikaoni amekuja kwa kualikwa. Akituma msaidizi asiye na takwimu, kamati haina wa kumwajibisha.

Je, kamati ikae kimya? Hasha. Kamati yenye nidhamu humwandikia meneja wa wakala mapema, ikataja kata, kijiji, na jina la mto. Huingiza jibu lake katika muhtasari, na lisipokuja huandika kwamba halikuja. Muhtasari wa namna hiyo, ukifika barazani robo baada ya robo, una sauti kuliko hotuba. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza kwa mujibu wa sheria. Naye huondoka na karatasi hiyo kwenda nayo Dodoma, ambako hoja yenye tarehe husikika haraka.

Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipoanza tena kuingia kwa wingi, Nyarugusu upande wa Kasulu ikafurika, na Nduta upande wa Kibondo ikafunguliwa upya. Misitu ilikatwa kwa kuni, visima vikagombewa, barabara zikabeba malori mazito ya chakula. Kambi husimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani na mashirika ya kimataifa, na wakimbizi hawana diwani. Wenyeji wanaye. Kama Kamati ya Mazingira haikuandika hasara ya kijiji jirani na kambi, hapakuwa na chombo kingine cha kuiandika kwa niaba ya kijiji hicho.

Kuna desturi ya madiwani wa chama kimoja kukutana kabla ya baraza ili kuelewana. Chama chochote kina haki ya kukutana na watu wake. Lakini kikao hicho hakimo katika sheria ya halmashauri, hakina mtaalamu wa kueleza, wala mwananchi wa kusikiliza. Kikigeuka mahali pa kumaliza yote, baraza la kesho yake huwa maigizo, na mwananchi aliyetembea kutoka kijijini kuja kusikiliza huondoka asijue kwa nini kata yake ilikosa.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo lipo mikononi mwa kila mtendaji. Ratiba ya vikao vya mwaka mzima ibandikwe katika ubao wa kila ofisi ya kata na ya kijiji, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kupokea mihtasari. Na makabrasha yatumwe kwanza kwa diwani wa kata ya mbali, maana anayekaa hatua mia kutoka ofisi ya mkurugenzi anaweza kuyafuata mwenyewe.