Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa: Mfugaji Aelezwe Ukweli



Mfugaji anaposema kwamba chanjo ya homa ya Bonde la Ufa imeharibu mimba za kondoo wake, wako miongoni mwetu wanaomcheka na kumwita mshirikina. Napenda kuwaambia leo kwamba mfugaji huyo anasema jambo ambalo maabara zimekwisha kulithibitisha.

Homa hiyo ilizuka katika kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, na wataalamu wakaieleza mwaka 1931. Virusi vyake hushambulia ini. Mwanakondoo aliyekufa akipasuliwa, ini lake huonekana limelegea na kujaa mabaka ya tishu iliyokufa. Na kondoo wenye mimba huzitupa. Katika mlipuko wa mwaka 2007 hapa Tanzania walikufa watu zaidi ya 100. Basi hatuzungumzii kuiacha chanjo. Tunazungumzia namna ya kuitumia.

Chanjo kongwe, iitwayo Smithburn, ilitokana na virusi vilivyopatikana katika mbu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, vikadhoofishwa kwa kupitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya. Ni chanjo ya bei nafuu, na dozi moja humkinga mnyama kwa muda mrefu. Lakini kudhoofishwa si kuuawa: kondoo mwenye mimba akichanjwa, aweza kuitupa au kuzaa kilema.

Ikatafutwa nyingine, MP-12. Majaribio ya mwanzo huko Marekani yalifanywa kwa kondoo ambao mimba zao zilikuwa zimekwisha kukua, na hakikuonekana kibaya. Ndipo wataalamu wa Afrika Kusini wakawachanja kondoo wenye mimba changa, kati ya siku ya 35 na ya 56, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba baadhi ya vijusi viliharibika ubongo na viungo. Tazameni, ndugu zangu: chanjo ile ile, mnyama yule yule, kilichobadilika ni siku ya kuchanja tu.

Hata Clone 13, iliyosifiwa kwa usalama wake, ilipotolewa kwa kipimo kikubwa mno mwanzoni mwa mimba, virusi vyake vilivuka kondo la nyuma na kuleta vilema na vifo vya vijusi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Wako waliosema yangekawia kidogo kutangazwa, wafugaji wasije wakaogopa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Jaribio hupewa kipimo kikubwa na wakati mbaya kwa makusudi, ili madhara yaonekane kwa kondoo wachache wa maabara kabla hayajaonekana katika mazizi ya watu.

Afisa anayelificha jambo hili huliacha limfikie mfugaji kwa njia ya hasara. Mwaka unaofuata mfugaji huyo huwaficha mifugo wake porini, na mvua kubwa zikinyesha mbu hawamwulizi mtu sababu.

Kwa hiyo afisa wa mifugo, kabla ya kuchomeka sindano, aulize ni majike yapi yamepandwa na lini. Yenye mimba yatengwe, yachanjwe baada ya kuzaa, au yapewe chanjo ya virusi vilivyouawa, ingawa hiyo hudai kurudiwa na gharama yake ni kubwa zaidi. Nanyi walimu mnaofundisha watoto wa wafugaji, wenye hesabu ya miezi ya mimba za kondoo ni watoto hao. Waulizeni, kisha mpelekeeni afisa hesabu hiyo kabla ya masika.