Meneja wa Maji Apimwe Kisimani, Si Barazani



Kiangazi kinapoingia katika vijiji vya Bariadi, na mito ikabakia mchanga mtupu, mama wa nyumba huamka kabla ya jogoo wa kwanza. Hujitwika ndoo, akachukua na bakuli la kukombea, akaenda kufukua mchanga wa mto na kusubiri maji yachuruzike kidogo kidogo. Aghalabu njiani hupita karibu na bomba la kijiji lililojengwa kwa fedha nyingi, na ambalo halitoi hata tone. Mama huyo hana haja ya kujua bei ya pampu wala urefu wa mabomba yaliyofukiwa ardhini. Analo swali moja tu: ni nani aliyekabidhiwa kazi hii, na alikabidhiwa kwa sababu gani?

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Katika nchi hii yamesemwa mengi juu ya visima, malambo, matangi na mabomba. Yaliyosemwa juu ya mtu wa kuyaendesha ni machache mno. Hali hiyo imeleta hasara kubwa, na yafaa itazamwe bila ya kuoneana haya.

Mwaka 1971 TANU iliazimia kwamba katika muda wa miaka ishirini, yaani ifikapo mwaka 1991, kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa azimio la heshima. Serikali ilibeba gharama zote, na maji ya vijijini yakatolewa bure. Kati ya mwaka 1974 na 1978, Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ndani yake zilikuwamo sehemu kubwa za Simiyu ya leo, ulichimbiwa mamia ya visima vifupi kwa msaada wa Uholanzi, hata pampu ya mkono iliyofungwa juu ya visima hivyo ikapewa jina la Shinyanga. Upande wa ziwani, Mkoa wa Mwanza, ambamo ndimo ilimokuwa Busega, ulikuwa mmoja wa mikoa mitatu iliyohudumiwa na mpango wa HESAWA kuanzia mwaka 1985 kwa msaada wa Sweden.

Mwaka 1991 ulifika, na lengo halikutimia. Mitambo ilikosa dizeli, pampu zikakosa vipuri, na visima vikabaki kuwa alama za kumbukumbu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikageuza mambo: wananchi wakatakiwa wachangie, wamiliki na waendeshe miradi yao wenyewe. Hata hivyo, vituo vya kuchotea maji vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba vituo vinne hivi katika kila kumi vijijini havikuwa vikifanya kazi. Maji ya bure yalikuwa yamekwama, na maji ya kuchangia nayo yakakwama. Ni dhahiri, basi, kwamba ugonjwa haukuwa katika bei peke yake. Mara zote mbili fedha za bomba zilitafutwa kwa bidii, lakini mwendeshaji wa bomba aliachwa apatikane kwa bahati.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 ndiyo iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Chini ya sheria hiyo, zilizokuwa kamati na jumuiya za watumia maji zimekuwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo cha namna hiyo ni shirika la umma lililo dogo kwa umbo, lakini zito kwa wajibu. Lina mali, lina akaunti ya benki, lina wateja na lina madeni. Shirika haliendeshwi kwa kupokezana zamu kama ulinzi wa sungusungu. Linahitaji meneja.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 1.58, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2.1. Midomo imeongezeka, na ng'ombe nao si haba, lakini mvua haikuongezeka. Maji ya ardhini nayo yana mambo yake: mahali pengine ni ya chumvi, na mahali pengine, hasa upande wa Meatu, yana madini ya floraidi, ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa ya watoto. Meneja asiyejua kwamba maji meupe yanaweza kuwa na madhara, na ambaye hajui sampuli hupelekwa wapi kupimwa, atawauzia wananchi maradhi huku akidhani anawauzia uhai.

Sasa kuna jambo jingine kubwa zaidi. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha euro milioni 102.7 kwa ajili ya mradi wa kuyatoa maji ya Ziwa Viktoria upande wa Busega na kuyafikisha Bariadi na wilaya nyingine za mkoa, pamoja na mchango wa Serikali ya Tanzania na ule wa Ujerumani. Wako wanaodhani kwamba maji ya ziwa yakishafika, kazi ya meneja itakuwa nyepesi. Hawa hawajatazama kwa majirani. Bomba la Ziwa Viktoria kwenda Kahama na Shinyanga lilizinduliwa mwaka 2009, na mamlaka inayoliendesha, KASHWASA, huuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji na kwa vijiji vilivyo kandokando ya bomba. Maana yake ni kwamba chombo cha kijiji hugeuka kuwa mchuuzi: hununua kwa jumla na kuuza rejareja. Mwisho wa mwezi ankara huja, maji yakiwa yameuzwa au yamemwagika njiani. Mchuuzi asiyejua tofauti ya alichonunua na alichouza hufilisika akiwa amekaa juu ya mtaji.

Je, meneja wa namna hiyo hupatikanaje? Yapo makosa matatu ambayo hutendeka mara kwa mara vijijini.

Kosa la kwanza ni udugu. Mwenyekiti wa kamati ana mpwa aliyemaliza shule na hana kazi; basi mpwa hupewa daftari na funguo. Kijana huyo huenda akawa mwema kabisa, lakini siku atakapohitilafiana na mjomba wake kuhusu fedha, hapana atakayemtegemea. Wanakijiji nao hawatasema, maana kumsema mpwa ni kumsema mjomba.

Kosa la pili ni kuabudu cheti. Huletwa mtaalamu mwenye shahada nzito, akasomewa wasifu wake barazani, watu wakapiga makofi. Elimu ni jambo jema na haina budi kuheshimiwa. Lakini cheti huonyesha alichofundishwa mtu, wala hakionyeshi atafanya nini pampu itakapozimika usiku wa manane mwezi wa Septemba.

Kosa la tatu ni kutafuta mtu wa bei nafuu. Chombo hutaka mtu wa kujitolea, apewe posho ya sabuni. Mlinzi wa fedha asiyelipwa huanza kujilipa mwenyewe, na hujilipa zaidi ya ambavyo angelipwa.

Njia iliyo bora si ngumu. Kwanza, nafasi itangazwe wazi: kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote, ofisi za kata, minadani, na katika redio. Tangazo liseme kazi, sifa na mshahara. Pili, jopo la usaili liwe na mtaalamu kutoka RUWASA, mhasibu kutoka halmashauri, na wanawake wachotaji maji wasiopungua wawili. Mhandisi atamuuliza mwombaji habari za pampu. Mama atamuuliza kwa nini foleni huwa ndefu saa kumi na mbili asubuhi. Maswali yote mawili yana uzito. Yeyote aliye ndugu wa mwombaji aondoke chumbani, na kuondoka kwake kuandikwe katika muhtasari.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwombaji apimwe kwa kazi yenyewe. Apelekwe kwenye mtambo, aonyeshwe dira kubwa na daftari la mauzo, kisha apewe hesabu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba skimu ina vituo kumi, kila kituo huuza ndoo 200 za lita 20 kwa siku, na bei ya ndoo ni shilingi 50. Hizo ni lita 40,000 na shilingi 100,000 kwa siku. Lakini dira kubwa inaonyesha kwamba pampu ilisukuma lita 50,000. Je, lita 10,000 zimekwenda wapi?

Mwombaji hafifu atasema ni mambo ya kawaida. Mwombaji aliye meneja atachukua kalamu. Lita 10,000 ni ndoo 500. Ndoo 500 ni shilingi 25,000 kwa siku, shilingi 750,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na shilingi 9,000,000 kwa mwaka wa miezi kumi na miwili. Kisha ataomba kutembea na njia ya bomba, atazame kama limepasuka, kama mifugo imelivunja, au kama kuna aliyejiunganishia kwa siri. Mwisho ataomba kuonana na wauzaji wa vituoni, mmoja mmoja. Shilingi milioni tisa zingeweza kulipa sehemu nzuri ya mshahara wake. Hilo ndilo jibu kwa wale wanaosema kwamba chombo cha kijiji hakina uwezo wa kuajiri: mara nyingi fedha ya kumlipa meneja imo mle mle katika maji yanayopotea kwa kumkosa.

Nne, aulizwe juu ya majira. Simiyu ni mkoa wa pamba, na fedha ya pamba huingia mikononi mwa wakulima msimu wa ununuzi unapofunguliwa. Wakati wa masika watu huchota madimbwini bila ya kulipa, na mapato ya chombo hushuka. Kiangazi mapato hupanda, na mashine nazo huchoka. Meneja anayejua mambo hupanga malipo ya mwaka ya kaya yaangukie wakati wa fedha ya pamba, huweka akiba wakati wa kiangazi, na huitengeneza mitambo wakati wa masika. Mambo hayo mtoto wa Bariadi anayajua tangu utotoni, na hapo ndipo uenyeji unapokuwa sifa. Mgeni naye anaweza kuyajifunza, ilimradi awe mnyenyekevu wa kuuliza. Uenyeji usiwe tiketi, na ugeni usiwe kosa.

Tano, aulizwe kuhusu ujasiri. Wadeni wakubwa wa maji si lazima wawe maskini. Wadeni wengine ni wenye nyumba za bati, na wengine ni ofisi ambazo kila mtu anaziogopa. Meneja anayemfungia mjane bomba kwa deni la mwezi mmoja, na kumwachia mkubwa deni la mwaka mzima, hana haki wala hesabu. Aambiwe mapema kwamba dira haina cheo, na viongozi wa kijiji wawe wa kwanza kulipa ili maneno hayo yawe na nguvu.

Baada ya kuajiriwa, apewe mkataba ulioandikwa, wenye kipindi cha majaribio na malengo yanayoweza kuhesabika: siku ambazo maji yalitoka, lita zilizopotea, fedha zilizoingia benki, na sampuli zilizopimwa. Hesabu hizo zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa watumia maji, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Kamati nayo ijue mipaka yake. Kazi ya kamati ni kuweka sera na kukagua, si kushika funguo wala kumtuma meneja akalete fedha za chai. Meneja mwema aliyewekwa chini ya kamati yenye mikono mirefu ataondoka, na atakayebaki ni yule anayejua kugawana.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Bomba linalotoa maji kila siku, kwa miaka ishirini, limeundwa na mtu fulani anayeamka mapema, anayeandika kila shilingi, anayebadilisha kifaa kabla hakijakatika, na asiyeogopa kudai. Mtu huyo yupo, wa kike au wa kiume. Huenda sasa hivi anafundisha shule, au anatunza hesabu za chama cha ushirika cha pamba, au ni fundi asiyejulikana katika karakana ya mjini. Hatajitokeza pale anapojua kwamba nafasi ilikwisha kugawiwa jana usiku sebuleni kwa mtu.

Kwa hiyo, siku ya kumchagua meneja wa maji isifanywe kuwa siku ya kulipana fadhila. Wajumbe wa jopo, kabla ya kuandika alama, na wamkumbuke yule mama aliyekaa mtoni na bakuli lake, akikomba maji ya mchanga. Wakishamkumbuka, wamwandike yule ambaye wangemwachia funguo hata kama hawamjui baba yake.