Kutengeneza Mashua Kuukuu

Mtu asiye fundi akinunua mashua iliyotupwa ufuoni miaka mingi, hutamani kwanza kuipaka rangi. Hilo ni kosa. Rangi huficha uoza, wala bahari haidanganyiki. Wahenga walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Basi na aanze chini: mkuku, kisha mataruma, ndipo mbao. Achome kila mahali kwa kisu. Kikizama kwa wepesi, ubao ule umeoza, sharti utolewe. Nyufa zitiwe kalafati ya pamba yenye mafuta. Tumbo la chombo lipakwe deheni ya chokaa na shahamu. Tanga ni la mwisho. Wala asione haya kuwauliza mafundi, kama wale wa Matondoni kisiwani Lamu: swali haligharimu kitu, bali ubao mmoja mbovu waweza kuangamiza roho za watu.