KUCHELEWA KUNAKOUA: MAFUNZO YA TARIME NA SERENGETI WAKATI WA UVIKO-19

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)





Nimetakiwa nizungumze juu ya sababu zilizowafanya wagonjwa wengi wa UVIKO-19 wafariki wakiwa hospitalini. Mimi si tabibu. Nitayasema yale ambayo matabibu wameyathibitisha, pamoja na yale yaliyoufika ukoo wangu. Mfano wangu nimeuchukua katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa kuwa dada yangu aliolewa huko na mfanyabiashara wa nguo wa Sirari. Huenda mtu akauliza kwa nini tuvuke bahari na kwenda hadi mpakani mwa Kenya, ilhali sisi wenyewe tumefiwa. Jibu langu ni kwamba aliye mbali na jambo huliona zima, na mwisho wa mazungumzo haya mtaona kwamba Mara si mbali kama tunavyodhani.

Kwanza nikumbushe tulikotoka. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na siku mbili baadaye akatangazwa mgonjwa wa kwanza hapa Zanzibar. Hadi mwanzoni mwa Mei 2020 wagonjwa 509 na vifo 21 vilikuwa vimetangazwa kwa nchi nzima, kisha takwimu za taifa zikasita kwa muda wa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Juni 2021, katika wimbi la tatu, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba walikuwepo wagonjwa zaidi ya 100, na kati yao kiasi cha 70 walikuwa wakisaidiwa kwa oksijeni. Hesabu hiyo ya pili ndiyo yenye kutufunza. Ilionesha kwamba waliofika hospitali walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu ambao pumzi zao zimekwisha kuwapungukia.

Ndugu Wananchi,

Wilaya ya Tarime ni ya milima na mashamba ya kahawa, yenye mgodi mkubwa wa dhahabu huko Nyamongo, na mji wa Sirari ambao malori hupita usiku na mchana baina ya Tanzania na Kenya. Mwezi wa Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka huo kwa abiria, ikaruhusu shehena tu, na madereva wakalazimika kupimwa. Ng'ambo ya Mto Mara iko Wilaya ya Serengeti, makao yake makuu yakiwa Mugumu, ambako watu wengi huishi kwa ng'ombe, kilimo, na mapato ya wageni wanaozuru hifadhi. Wageni waliposita mwaka 2020, mapato ya nyumba nyingi yalikatika, na mtu asiye na fedha mkononi huifikiria safari ya hospitali mara mbili. Kwa maradhi mazito, wagonjwa wa wilaya hizo hupelekwa Musoma, na yakizidi, Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ni zaidi ya kilometa 200 kutoka Musoma.

Wataalamu wa uzazi walikwisha kutufundisha tangu miaka ya 1990 kwamba mgonjwa hucheleweshwa mara tatu: huchelewa kuamua kwenda, huchelewa kufika, na huchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Fundisho hilo lilitolewa kwa ajili ya mama wajawazito, lakini UVIKO-19 umelithibitisha upya.

Shemeji yangu alishikwa na homa na kikohozi katikati ya mwaka 2021. Siku ya kwanza hadi ya saba alijifukiza kwa majani, akanywa tangawizi na malimau, na kila tulipompigia simu alitujibu, "Shemeji, naendelea vyema." Nasi tukaridhika. Siku ya nane alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila ya kuvuta pumzi. Gari ya kukodi ilipatikana usiku. Alipofikishwa katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja, alipimwa, na kwa mara ya kwanza katika umri wake wa miaka 58 akaambiwa kwamba ana kisukari. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, lakini waliouhitaji walikuwa zaidi ya mmoja. Alifariki usiku wa pili. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jirani zake walisema kwamba hospitali ndiyo iliyomuua, kwa kuwa aliingia akiwa hai na akatoka akiwa maiti. Naomba tulitazame neno hili kwa makini, maana ndilo lililoua wengine. Watu waliona wagonjwa wakifa hospitalini, wakaogopa kwenda. Na kwa kuwa waliogopa, walikwenda wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Na kwa kuwa walifika wamezidiwa, wakafa, na hofu ikaongezeka. Kifo kiliandikwa katika daftari la hospitali, lakini safari yake ilianzia nyumbani. Na sisi ndugu tulikuwa na sehemu yetu katika kosa hilo. Siku zote saba hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia nenda.

Kadhalika ifahamike kwamba UVIKO-19 una hila ambayo maradhi mengi hayana. Kiwango cha oksijeni katika damu huweza kushuka huku mgonjwa akizungumza na kutabasamu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kiwango cha 95 hadi 100 katika mia. Kikishuka chini ya 90, hiyo ni hatari kubwa. Kifaa cha kupimia ni kidogo, hubanwa kidoleni, na jibu hupatikana kwa muda mfupi. Lau shemeji yangu angalipimwa siku ya nne au ya tano, pengine mazungumzo haya yangalikuwa mengine.

Ama kuhusu hali za wagonjwa wenyewe, utafiti mkubwa uliochapishwa mwezi wa Mei 2021 uliwafuatilia wagonjwa mahututi 3,140 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, ikiwemo jirani yetu Kenya. Katika kila wagonjwa 100, takriban 48 walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa kiasi cha 31. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye kisukari, maradhi ya figo, maradhi ya ini ya muda mrefu, na Ukimwi, pamoja na wale waliocheleweshwa kulazwa kwa sababu ya uhaba wa nafasi na vifaa. Karibu nusu ya wagonjwa waliopendekezwa kupelekwa vyumba vya mahututi hawakupata nafasi. Juu ya hayo, tafiti za nchi nyingi zimethibitisha hatari ya umri mkubwa na shindikizo la damu.

Hapana budi pia kusema ukweli juu ya hospitali. Mgonjwa mahututi anayehitaji lita 10 za oksijeni kwa dakika humaliza mtungi mkubwa wa lita kiasi cha 7,000 kwa muda usiofika masaa 12. Wagonjwa watano wa namna hiyo huhitaji mitungi isiyopungua 10 kwa siku. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku hawezi kuiumba oksijeni kwa huruma yake. Aidha, tangu Juni 2020 ilijulikana kwamba dawa ya deksamethasoni, ambayo ni ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa kiasi cha theluthi moja kwa wagonjwa wanaopumua kwa mashine, na kiasi cha moja ya tano kwa wanaotumia oksijeni. Lakini haina faida kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni, na haifai kununuliwa dukani bila ya daktari.

Serikali haikukaa kimya. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021 kwa dozi za mwanzo 1,058,400. Septemba 2021 nchi ilipata dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa katika oksijeni, vyumba vya mahututi na magari ya wagonjwa, Bara na Visiwani. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Virusi havijatoweka, na maradhi mengine ya pumzi yatakuja.

Ndugu Wananchi,

Nilisema kwamba Mara si mbali. Mgonjwa wa Kojani au Tumbatu anayesubiri maji yajae ili apate boti hana tofauti na mgonjwa wa Serengeti anayesubiri gari. Mzee wa Michenzani ambaye hajapata kupimwa sukari hana tofauti na shemeji yangu wa Sirari. Kwa hivyo naomba mambo manne:

1. Kila aliyefikia umri wa miaka 40 apimwe sukari na shindikizo la damu, wala asingoje kuumwa.

2. Mgonjwa wa kikohozi na homa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu mara tu pumzi zinapoanza kumbana. Mvuke na tangawizi visiwe sababu ya kumweka nyumbani.

3. Masheha na kamati za shehia wajue mapema ni nani mwenye gari au boti, na nauli ya dharura itatoka wapi.

4. Wakuu wa vituo wahesabu mitungi na vifaa vya kupimia oksijeni kila wiki, na upungufu uripotiwe kwa maandishi kabla haujawa msiba.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa maradhi haya, iliumiza zaidi ya matumbo. Dada yangu yupo Sirari mpaka leo, anaendesha duka la marehemu, na kila mteja anayekohoa humuuliza kama amekwenda kupimwa. Nami nawauliza nyinyi suali hilo hilo.