Dawa za sonona na mtoto aliye tumboni

Tubaki kwenye habari moja: mama mwenye mimba anayetumia dawa za sonona.

Mwaka 2017, watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya laki tisa. Hadi miaka 15, watoto 8 katika 100 waliugua maradhi ya akili pale ambapo mama hakutumia dawa hizo kabla ya mimba wala akiwa nayo. Karibu 14 pale alipoendelea nazo akiwa na mimba. Inatisha. Lakini sikilizeni vizuri: kwa akina mama walioziacha kabla ya mimba, ilikuwa 11 na nusu. Yaani kidonge peke yake hakibebi lawama. Ugonjwa wenyewe na urithi huenda vimo.

Kwa upande mwingine, hakuna daktari mwaminifu atakayeapa kwamba dawa hazina neno. Ila mara nyingi mama asiyetibiwa halali, hali, hata kliniki haendi.

Na hapa Lubumbashi? Kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain kipo, lakini wengi huanzia farmasi ya mtaani, vidonge vikikatwa kwa mkasi kutoka kwenye plaketi, bila karatasi ya maelezo. Mimi hilo linanitia wasiwasi kuliko hesabu za Denmark.

Kliniki ya wajawazito hupima uzito, damu, tumbo. Nani atamuuliza mama kama analala?