Chuo Kidogo au Chuo Kikubwa?

Neno tutakalosema nanyi jioni hii halikutoka kitabuni, lilitujia barazani. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa pande za Kilimanjaro, alifika kwetu na barua mbili mkononi. Moja ilimpa binti yake nafasi ya kusomea ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya pili ilitoka katika chuo kidogo cha Marekani, chenye wanafunzi wasiotimia 1,500, nacho kilikuwa radhi kulipa sehemu kubwa ya gharama, lakini si zote. Ili kutimiza iliyobaki, mzee yule alikuwa akiwaza kuuza kipande cha kihamba alichorithi kwa baba yake. Nanyi mjuao desturi za huko mwajua ya kuwa mtu hauzi kihamba kama auzavyo mbuzi.

"Mwalimu," akasema, "huku kwetu ziko shule za sekondari zenye watoto karibu sawa na hao. Chuo cha namna hiyo ni chuo kweli? Nisije nikauza ardhi ya wazee, binti akarudi na karatasi ambayo hakuna aijuaye."

Tulimwomba atupe siku chache. Yale tuliyomjibu ndiyo tutakayowaeleza ninyi, maana twajua ya kuwa mzee yule hayuko peke yake.

Kwanza, uchache wa watu haumnyimi mwalimu elimu yake, wala haukivui chuo jina la chuo. Hicho cha Dar es Salaam chenyewe, kilipofunguliwa mwaka 1961, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Huko Marekani viko vyuo vingi vilivyochagua kwa makusudi kubaki vidogo. Williams kilianza mwaka 1793, na hata leo wanafunzi wake ni 2,000 hivi. Amherst kilianza 1821, Swarthmore 1864. Oberlin kilifunguliwa 1833, na miaka miwili baadaye kiliwakubali watu weusi, miaka 30 kabla ya utumwa kukomeshwa katika nchi nzima ile. Sisi tutaviita vyuo vya elimu pana, kwa kuwa havimfungi kijana katika kazi moja tangu siku ya kwanza. Anayependa kemia husoma pia historia, na lugha ya kigeni, na mashairi; na kwa desturi hana haja ya kutaja somo lake kuu mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Tena, wanafunzi wa shahada za juu hawamo, au ni wachache sana, hata kazi ya waalimu yote huwa ni juu ya hawa vijana wa shahada ya kwanza.

Juu ya ukubwa wa darasa hatuhitaji kuuliza mtu. Sisi tu waalimu wa chuo cha waalimu, nasi tumefundisha madarasa ya namna zote mbili. Darasa la vijana 90, hata mwalimu awe hodari namna gani, hugeuka kuwa mkutano wa hadhara. Yeye husema, wao huandika. Na yule kijana akaaye nyuma karibu na dirisha, ambaye hakuelewa neno tangu juma la pili, hajulikani mpaka siku ya mtihani. Insha 90 hazisomwi, huangaliwa tu. Twaungama ya kuwa na sisi tumeziangalia hivyo, usiku, taa ikififia. Lakini mpe mwalimu yule yule vijana 15. Atausoma kila mstari, ataandika pembeni "Umejuaje?", na juma lijalo atamwuliza kijana swali hilo hilo mbele ya wenzake. Kijana aliyeulizwa "Umejuaje?" kwa miaka minne si rahisi kudanganywa na mtu, wala na gazeti.

Huko Williams wamelipeleka jambo hili mbali zaidi. Yako masomo ambayo wanafunzi ni wawili tu mbele ya mwalimu mmoja. Juma hili mmoja husoma insha yake, na mwenziwe huikosoa. Juma lijalo hubadilishana. Hapo hakuna dirisha la kujificha karibu nalo. Na katika maabara ni vivyo hivyo: katika vyuo vikubwa wasaidizi wa mwalimu katika uchunguzi wake mara nyingi ni watu wa shahada za juu, bali katika vyuo hivi msaidizi ni kijana wa miaka 20, naye hushika vyombo kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee alipenda kusikia habari ya mtu mmoja wa kwetu aliyepita njia hiyo, tukamtajia Wangari Maathai wa Nyeri. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na Tom Mboya na rafiki zake ilichukua vijana 81 kutoka Nairobi hadi New York, na mwaka uliofuata Wangari akawa miongoni mwa waliokwenda. Wengi wao walipokewa na vyuo vidogo, ambavyo majina yao hayakuwa yamesikika Afrika hata siku moja. Yeye alikwenda Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana kilichoongozwa na masista Wabenediktini katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia; pamoja nalo alisoma kemia, na Kijerumani. Mtu angeweza kuuliza, binti wa wakulima wa Nyeri na Kijerumani wapi na wapi? Alihitimu mwaka 1964, akapata shahada ya pili Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1967 akaenda Ujerumani kwa uchunguzi wake. Shahada ya udaktari aliipata Nairobi mwaka 1971, akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hatusemi ya kuwa chuo ndicho kilichompa moyo ule. Wako wengi waliosoma mahali pale pale wala hawakupanda mti mmoja. Twasema tu ya kuwa udogo wa chuo haukumzuia.

Macho ya mzee yakang'aa, nasi tukaona ni wajibu wetu kumweleza upande wa pili, tusije tukamwuzia mbuzi ndani ya gunia.

Mahali ambapo kila mtu akujua, hapana pa kupumzika na macho ya watu. Somo moja laweza kuwa na waalimu wawili au watatu tu. Mmoja akienda likizo, somo ulilolingojea huenda lisifundishwe mwaka ule. Ukikosana na mwingine, huna pa kukimbilia. Miji mingi ya vyuo hivi ni midogo: Grinnell, kule Iowa, ni mji wa watu wasiotimia 10,000 katikati ya mashamba ya mahindi, na majira ya baridi theluji hulala chini siku nyingi. Binti wa kwetu aweza kuwa peke yake darasani mwenye rangi yake na lugha yake.

Kisha iko habari ya kazi. Mzee alitumaini binti atakuwa daktari. Hapa kwetu kijana hutoka sekondari akaingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari, akayamaliza kwa miaka mitano kabla ya mwaka wa mazoezi hospitalini. Marekani husoma kwanza miaka minne ya chuo, ndipo aombe nafasi katika shule ya udaktari, miaka minne mingine. Na nafasi hizo kwa wageni ni chache mno, na ghali. Mwanasheria naye ni hivyo, miaka mitatu juu ya minne. Uhandisi katika vyuo vidogo vingi haumo kabisa. Swarthmore ni mmoja wa vichache vyenye somo hilo. Basi kijana ajuaye kwa hakika ya kuwa ataka udaktari, twaona kumpeleka chuo kidogo cha ng'ambo ni kumzungusha mlima ili afike nyumba ya jirani.

Fedha ndiyo iliyotukalisha zaidi. Katika vyuo mashuhuri vya namna hii, karo pamoja na chakula na malazi imepita dola 80,000 kwa mwaka. Ni kweli, wengi hawalipi zote, maana vyuo vyenye hazina kubwa husaidia sana. Lakini si vyote vyenye hazina. Chuo kinachoishi kwa karo za wanafunzi wachache ni kama duka la wateja kumi: wawili wakihama, mwenye duka halali. Wells, chuo cha jimbo la New York kilichoanzishwa mwaka 1868, kilitangaza mwishoni mwa Aprili 2024 ya kuwa kitafungwa, na baada ya majuma machache kikafungwa kweli. Antioch, kule Ohio, ndiko alikosomea Gikonyo Kiano, aliyepata shahada yake huko mwaka 1952 na baadaye akawa waziri katika Kenya huru. Chuo hicho kilifungwa mwaka 2008, kikafunguliwa tena 2011. Hata kile cha Wangari hakipo tena kwa jina lake: mwaka 1971 kiliungana na chuo cha wanaume cha jirani, vikawa Benedictine College. Hatari hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakina. Na karatasi nayo, mzee hakukosea kuiogopa. Shahada ya ng'ambo hupelekwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ipimwe. Na mwenye kutoa kazi ambaye hakupata kusikia jina la chuo aweza kuiweka barua yako chini ya nyingine.

Tulimweleza pia ya kuwa udogo na ughali si mapacha. Berea, kule Kentucky, hakimtozi mwanafunzi karo ya masomo. Kila mmoja hufanya kazi chuoni, si chini ya saa 10 kwa juma, na kila mwaka huchukua wageni wachache. Na Ghana kiko Ashesi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na Patrick Awuah, aliyesoma Swarthmore. Kilianza na wanafunzi 30. Kwa hiyo elimu ya namna hii haihitaji theluji.

Baada ya hayo yote tukamwuliza mzee, "Na binti mwenyewe asemaje?" Akanyamaza kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Akaletwa Jumapili iliyofuata, msichana mpole, mikono juu ya magoti. Tulimwuliza ataka kusoma nini. Alimtazama baba yake, akasema, "Shikamoo tena, Mwalimu. Udaktari ni wa Baba. Mimi nataka kujua kwa nini mibuni yetu ya upande wa juu inakauka, na ya upande wa chini haikauki. Sijui hilo linaitwa somo gani."

Wasikilizaji, swali hilo lina udongo ndani yake, na wadudu, na mvua, na habari ya nani alipanda nini na mwaka gani. Mtu mwenye swali kama hilo, asiyejua bado jina la somo lake, ndiye ambaye elimu pana yamfaa. Tulimwambia mzee hivyo waziwazi. Lakini tulimwambia pia kwamba kihamba kisiuzwe. Chuo kidogo kinachotoa gharama zote, tungemwambia aende kesho. Chuo kidogo cha kuuzia ardhi ya wazee, afadhali Dar es Salaam, ambako udongo na wadudu pia husomwa, kama akiomba kubadilishiwa masomo.

Tukakubaliana binti aandike barua kwa chuo kile kabla ya siku ya kujibu. Aulize: je, msaada wataongeza, na utabaki vile vile miaka yote minne hata karo ikipanda? Waalimu wa biolojia ni wangapi, na ni nani kati yao aliye katika likizo mwaka ujao? Mabweni yakifungwa wakati wa Krismasi, asiye na pa kwenda hulala wapi? Na chuo kikifungwa kabla hajamaliza, wanafunzi wake watapokewa na chuo gani?

Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, nasi hatukusahihisha neno. Alipomaliza, mzee akaomba kalamu na akaongeza swali la tano kwa mkono wake: siku atakayofika, nani atakuwa uwanjani kumpokea?