Mwenye kujua asijifiche
Maneno ya komite mbele ya wanamemba, Bijombo

 

Leo hatusemi juu ya kotizasio wala juu ya mabati. Tunasema juu ya kitu chenye tulirudi nacho bila kukifunga kwenye mzigo: ujuzi. Wakati tulitoka Burundi, Tanzania, ao Uvira chini, wengi wetu tulikuta nyumba ziko chini na ngombe wa kuhesabu kwa vidole. Lakini kichwa hakikunyanganywa. Kati yetu kuko mwenye alishona nguo miaka mingi kule Nyarugusu. Kuko mama mwenye alisaidia wamama wenzake kuzaa kambini. Kuko mwenye anajua mbegu ya viazi kwa kuiangalia tu, na mwenye nyuki hawamukimbii. Kuko mzee mwenye akiona ngombe anatembea, anakuambia mbele ya jioni kama atalala mugonjwa.

Sasa angalieni vile inapita. Projeti ya ufugaji inafika. Wanatafuta mufundishaji. Anatoka mbali, analipiwa safari na chakula, anafika hapa amechoka na mulima. Siku ya kwanza anatuuliza maswali na kuandika. Siku ya pili anatufundisha yale tulimuambia jana. Hatumuchukii, njo kazi yake. Lakini tujiulize: juu ya nini wenye kumutuma hawakujua kama huku kuko watu wenye kujua? Jibu ni fupi: hakuna mahali pamoja jina la mujuzi wetu limeandikwa.

Wazee watatuambia: «Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.» Mezali hiyo ni ya kweli sokoni, mahali watu wanapita. Lakini sisi tuko juu, zaidi ya meta 2.000, na barabara ni miguu. Kitu kizuri chenye kukaa nyuma ya mulima hakijiuzi, kinaoza. Na tena, kujitangaza si kujisifu. Mwenye kujisifu anasema yeye ni nani. Mwenye kujitangaza vizuri anasema anaweza kufanya nini, na anaonyesha.

Tutoe mufano wa ziwa letu. Wavuvi wa Uvira, wa Burundi na wa Kigoma walijua samaki za Tanganyika tangu mababu. Walijua mukeke, sangala na ndagala: zinapita wapi, mwezi gani, kwa mwangaza gani. Sasa akakuja Mubelgiji mumoja, Pierre Brichard, akakaa Bujumbura. Alipenda samaki ndogo za kwenye mawe, zile watu wetu hawakuzihangaikia sana juu haziwezi kushibisha mutu. Akazitafuta chini ya maji, akaziuzisha Ulaya na Marekani kwa watu wenye kufuga samaki ndani ya vioo, na mwaka 1978 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki za ziwa. Leo kuko samaki ya Tanganyika yenye inaitwa brichardi katika vitabu vya dunia nzima.

Hatusemi aliiba. Alipenda, alichunguza, na zaidi ya yote aliandika. Mvuvi mwenye alimuonyesha jiwe gani liko na samaki gani, jina lake liko wapi? Liko kwa watoto wake tu, kama wangali wanakumbuka. Ujuzi bila kuandikwa unafanana na maziwa ndani ya kikapu.

Lakini kuko na mufano mwingine, wa mutu wa kwetu Afrika. Kenya kulikuwa baba mumoja, Kamoya Kimeu. Mwaka 1960 alichukuliwa kazi ya kuchimba kule Olduvai, Tanzania, kwa familia ya Leakey wenye walitafuta mifupa ya watu wa zamani sana. Hakuwa na diplome ya universite. Alikuwa na macho, uvumilivu na mapendo ya ile kazi. Alijifunza kutofautisha mufupa na jiwe mahali wengine wanaona paka changarawe. Akafika kuwa mukubwa wa wale wenye kutafuta. Mwaka 1984, karibu na ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mufupa wa kichwa, chenye rangi sawa na mawe ya pale. Walipochimba wakapata mifupa ya kijana karibu muzima, wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Mwaka uliofuata raisi wa Marekani, Reagan, akamupa medali. Kuko nyani za zamani zenye zinabeba jina lake. Na mwaka 2021, mwaka mumoja mbele ya kufa kwake, universite moja ya Marekani ikamupa udokta wa heshima. Karatasi ilikuja nyuma, kazi ilitangulia.

Sasa tufanye nini sisi wa huku? Komite inaleta mambo tano.

Ya kwanza: chagua kitu kimoja, kidogo. Usiseme «mimi ni mujuzi wa mifugo». Sema «mimi najua magonjwa ya kupe kwa ngombe». Tuchukue ule ugonjwa wenye madokta wanaita teileriozi. Huku kwenye baridi kupe ni kidogo. Ngombe wakishuka kutafuta majani wakati wa kiangazi, wanakutana nazo. Ngombe anapata homa, anavimba chini ya sikio, mwishoni anapumua kwa shida. Dawa iko, lakini inasaidia ikitolewa mapema. Mutu mwenye anajua kuona ule uvimbe siku ya kwanza anaokoa ngombe. Mwenye anauona siku ya sita anasaidia tu kugawa nyama. Ule ni ujuzi wa kutosha kwa jina la mutu.

Ya pili: andika. Nunua kaye moja. Tarehe, ngombe wa nani, uliona nini, ulifanya nini, ikaisha namna gani. Andika na wale walikufa. Mwenye hajui kuandika, mutoto wake wa masomo aandike. Kaye ya miaka mbili inasema zaidi kuliko atestasio ya siku tatu.

Ya tatu: onyesha bure mara ya kwanza. Ita jirani, muonyeshe namna ya kuangalia chini ya sikio. Watu hawamuamini mwenye kuficha dawa ndani ya koti. Wanamuamini mwenye anafundisha na anabaki na kitu cha kufundisha. Nyuma ya pale, useme bei yako wazi, bila haya: kazi ni kazi.

Ya ine: sema mwisho wa ujuzi wako. Njo hapa tunatofautisha mujuzi na mutu wa mdomo. Munawajua wale wanapita sokoni na shindano moja kwa kila ugonjwa. Mutu amebakia na ngombe mbili tu tangu vita, anatoa pesa ya masomo ya watoto, anachomewa maji ya rangi, ngombe anakufa, na yule mufanyabiashara amekwisha kuvuka mulima mwingine. Mujuzi wa kweli anasema: «Hii naweza. Hii siwezi, tumuite veterinere.» Lile neno «siwezi» halipunguze jina, linalijenga.

Ya tano: ujulikane na wote. Ugonjwa wa ngombe hauulize mwenyewe anasema Kifuliiru, Kinyamulenge, Kivira ao Kinyindu. Mama mwenye kujua kusaidia uzazi, tukimuita usiku, tunataka mikono yake tu. Katika miaka hii ya kukimbia na kurudi, kuaminiana kumevunjika sana kati ya milima yetu. Hotuba haziwezi kukujenga peke yake. Lakini mutu akikuja kuponesha ngombe wako, mwaka ujao hutamuona tena kama mugeni. Njo maana tunasema: ujuzi wako si mali yako peke yako, ni njia yenye inaweza kufunguka tena.

Kwa upande wetu sisi wa komite, tunaanza Kaye ya Wajuzi. Kila mwanamemba, mwanamuke na mwanaume, atakuja kusema kitu kimoja chenye anakijua na anakipenda. Tutaandika jina, kijiji na ule ujuzi. Lakini hatutaandika mutu juu ya maneno yake mwenyewe tu: alete watu watatu wenye aliwasaidia, na mumoja wao asiwe wa familia yake. Projeti ikifika, kaye ile itawekwa kwenye meza mbele ya chai. Tutasema: mufundishaji wenu tunamupokea, lakini hawa wa kwetu watafundisha naye, na watalipwa sawa naye.

Wandugu, hakuna mwenye atapanda mulima huu juu ya kuuliza nani anajua nini. Ni sisi wa kusema. Meza ya kuandikisha iko pale chini ya mti, kalamu iko. Wamama watangulie, juu katika mikutano yetu njo wenye kujua mingi na kusema kidogo.